Kusi Likipungua, Tuanze Kutembea

Kusi likipungua mwezi Oktoba, bahari ya Malindi na Kilifi hutulia, mitumbwi hutoka, na mvua za vuli huotesha mchicha na mchunga. Ndio wakati wa kuongeza mboga na kupunguza sima. Samaki achomwe badala ya kukaangwa. Ng'onda iloweke kwanza na maji yamwagwe, kwani mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai.

Tembea kwa kasi nusu saa, siku 5 kwa wiki, kabla jua halijapanda. Kaskazi huja na joto.

Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mwombe mhudumu wa afya ya jamii akupime nyumbani, hata kama hujisikii mgonjwa.