Televisheni Bila Dishi: Je, Yafaa kwa Nyumba Zetu za Bunia?

Ukipita mitaa ya Mudzi-Pela, Lumumba au Nyakasanza, waona mabati, na juu ya mabati waona madishi. Mengine ni mazima na yafanya kazi. Mengine yameshika kutu, maana mwenye nyumba ameshindwa kulipa abonema ya kila mwezi, na dekoda imegeuka kuwa kiti cha saa ya mezani. Na sasa limeingia neno jipya madukani: “Acha dishi, baba, nunua kijiti. Utaona televisheni ya dunia nzima bila kulipa abonema.” Wazazi wengi wauliza kama jambo hilo ni kweli. Swali lao ni jema, kwa sababu fedha inayotoka hapo ndiyo ile ile ya ada ya shule na ya unga.

Tuanze na asili ya jambo. Huko Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, watu walianza kuletewa televisheni nyumbani kwa waya. Waya huo ulileta chaneli chache, halafu kumi, halafu mamia, na malipo yake yakapanda mpaka watu wakachoka. Ndipo vikaja vifaa vidogo vya kuipatia televisheni picha kutoka kwenye intaneti: Roku mwaka 2008, Chromecast ya Google mwaka 2013, na Fire TV Stick ya Amazon mwaka 2014. Wamarekani wengi wakaukata waya wao na kuchomeka kijiti. Nao walipata faida ya kweli, kwa kuwa nyumbani mwao tayari walikuwa na intaneti iliyolipwa kwa mwezi, wakaitumia watakavyo.

Lakini sisi wa Bunia hatuna waya wa kukata. Tuna dishi, na picha zake zatoka kwenye setilaiti iliyo juu ya ikweta, umbali wa kilometa 36,000 hivi. Ukiisha kulipia mwezi wako Canal+ au StarTimes, waweza kutazama saa moja au saa ishirini na nne. Gharama haiongezeki hata faranga moja. Intaneti je? Wengi wetu twainunua simuni, mega kwa mega, leo kidogo na kesho kidogo. Hapo ndipo hesabu ya Mmarekani na hesabu ya Mwituri zaachana njia.

Natuipige hesabu hiyo polepole, maana muuzaji wa kijiti hataipiga kwa niaba yako. Kampuni ya Netflix yenyewe yaeleza kwamba saa moja ya kutazama kwa picha ya kawaida yaweza kula giga 1, na kwa picha safi sana giga 3. Tuseme nyumba yako ni ya kiasi, mwatazama saa mbili tu kila jioni, baada ya chakula. Kwa picha ya kawaida ni giga 2 kwa siku, yaani giga 60 kwa mwezi. Kwa picha safi ni giga 180. Sasa nenda kwa muuza vocha wa mtaani kwako, umwulize bei ya giga moja, uzidishe mara 60, kisha uiweke jawabu hiyo kando ya abonema ya dekoda. Fanya hivyo kabla ya kufungua mkoba, wala si baada yake.

Ni kweli kwamba picha yaweza kupunguzwa. Netflix ina kipimo cha chini kabisa kinachokula kama giga 0.3 kwa saa, na YouTube nayo hukuruhusu kuchagua picha hafifu. Kwenye simu picha hiyo yatosha. Kwenye kioo kikubwa sura za watu huwa kama zimetazamwa kupitia chandarua. Watoto hawajali. Baba mwenye kutaka kuuona mpira atajali sana.

Na mpira ndio fundo lenyewe. Mtakumbuka tarehe 7 Februari 2024, Leopards walipocheza nusu fainali ya Kombe la Afrika huko Abidjan dhidi ya wenyeji, Côte d'Ivoire. Kabla ya mchezo, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu waliziba vinywa kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola, ili dunia ijue yanayotupata huku mashariki. Tulifungwa 1–0, lakini nani aliyekuwa na televisheni angependa kuikosa picha ile? Basi jueni hili: kijiti peke yake hakileti mchezo kama huo. Mwenye haki ya kuutangaza ataka malipo, kwa dishi au kwa intaneti. Tena picha ya intaneti mara nyingi huchelewa, pengine nusu dakika na zaidi. Jirani mwenye dishi atapiga kelele za bao nawe bado waona mpira uko katikati ya uwanja!

Tusikinyime kijiti sifa yake, hata hivyo. Kwanza, hula umeme kidogo mno. Ni wati chache, na volti 5 tu kama simu, hata betri ndogo ya kuchajia simu yaweza kukiendesha. Katika nyumba inayotumia paneli ya jua na televisheni ndogo ya volti 12, hilo si jambo dogo. Pili, kuna mambo mema yasiyodai abonema: France 24 huonyeshwa bure YouTube, habari za Kiswahili za BBC na za DW zapatikana huko huko, na TV5Monde ina huduma yake ya bure tangu mwaka 2020. Tatu, na kwa maoni yangu hili ndilo kubwa, mzazi huchagua mwenyewe kipindi na saa yake. Kwa dekoda, watoto hutazama kinachopita, kiwe chema au kiovu, kwa sababu kinapita. Mama anayetaka binti yake aone somo la hesabu saa kumi na mbili jioni hawezi kuiambia setilaiti ingoje mpaka vyombo vioshwe.

Lakini kuna vijisanduku vingine vyauzwa kwa jina lile lile, navyo si vyema. Hivyo huletwa vikiwa “vimefunguliwa”: filamu zote, mpira wote, bila malipo hata kidogo. Kwanza huo ni wizi, hata kama mwizi yuko mbali nasi twapokea tu. Pili, mwizi huyo haachi kuiba akifika sebuleni kwako. Mwezi Juni 2025 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, waliwaonya watu juu ya BADBOX 2.0, programu mbaya iliyokutwa ndani ya vijisanduku vya bei rahisi, vingi vikiwa vimetengenezwa China. Nyingine ilitiwa ndani hata kabla kifaa hakijanunuliwa. Huitumia intaneti yako kwa uhalifu wa wengine, nawe walipa mega. Kifaa kikikuambia uzime ulinzi wa Google ndipo kifanye kazi, kirudishe dukani.

Wengine wasema Starlink itamaliza shida zote. Mnamo Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ilikataza matumizi yake nchini. Mei 2025 ikatoa ruhusa. Kweli, intaneti ya namna hiyo hulipwa kwa mwezi, na majirani waweza kuchangiana ikiwa masharti yaruhusu. Lakini sahani yake ya kawaida hula wati 75 hadi 100, kuliko televisheni ndogo yenyewe. Na tusisahau mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilipofunga intaneti nchi nzima karibu siku 20. Siku hizo kijiti kingekuwa kipande cha plastiki tu. Radio Okapi iliendelea kusikika.

Basi nasema hivi: nyumba inayotazama sana, na hasa mpira, isiharakishe kuling'oa dishi. Nyumba inayotazama kidogo, na kwa kuchagua, yaweza kufaidika na kijiti, mradi ikubali picha ya wastani. Na kuna njia ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji: kupakua vipindi halali mahali penye intaneti ya bei nafuu, kuvitia katika flashi, na kuichomeka flashi hiyo kwenye televisheni ikiwa ina tundu lake. Haipendezi machoni mwa vijana, lakini haikatiki wakati wa mvua wala wa uchaguzi.

Mwenye kutaka kujaribu aanze na simu aliyo nayo. Kwa juma moja familia itazame kwayo kile ambacho wangekitazama kwenye kioo, kwa saa zile zile. Jumapili jioni afungue sehemu ya simu inayoonyesha mega zilizotumika, aandike hesabu hiyo kwenye karatasi, aizidishe mara nne. Aende nayo dukani. Tena aangalie nyuma ya televisheni yake kama pana tundu la HDMI, kwa maana televisheni za zamani zenye mgongo mnene hazina.