Bunduki ya Nyumbani na Kisahani cha Udongo

Wapo miongoni mwetu walio na watoto, ndugu na wakwe Marekani. Katika mazungumzo yao husikika jambo ambalo kwetu Pwani ni geni: bunduki ya marisau iliyonunuliwa kwa ajili ya kulinda nyumba hukaa kabatini juma zima, na Jumamosi hutolewa ikapelekwa uwanjani kuvunjia visahani vya udongo. Bibi aliyekwenda kumlea mjukuu akiyasikia hayo hushtuka. Tumeona juma hili tuufafanue mchezo huo, manufaa yake na hatari zake, ili anayesafiri ajue la kuuliza.

Mchezo huu ulianza kwa njiwa hai, waliofungiwa visandukuni kisha wakaachiwa wapigwe. Hata katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 njiwa hai walipigwa risasi. Sote twalijua katazo la Mtume wetu (s.a.w.) la kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Kwa hiyo twaona kheri katika ubunifu wa George Ligowsky wa Cincinnati, aliyetengeneza kisahani cha udongo mnamo mwaka 1880. Siku hizi kisahani hicho, chenye upana wa takriban sentimita 11, hutengenezwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa, ila jina la udongo limebaki. Mtambo hukirusha angani, naye mpigaji hukifuata kwa mtutu.

Je, bunduki ya kulindia nyumba yafaa kwa kazi hiyo? Mtutu wake ni mfupi, kiasi cha nusu mita, ili igeuzwe kwa wepesi chumbani, na mdomo wake haukubanwa, hivyo marisau hutawanyika mapema. Bunduki ya mchezo ina mtutu wa sentimita 70 au zaidi, unaotembea kwa utulivu. Shabaha ikikimbilia mbali, bunduki fupi huachwa nyuma. Lakini katika mchezo uitwao skiti, ambao ulizaliwa Massachusetts, visahani 25 vya kila duru hupita karibu, kiasi cha mita 20. Hapo bunduki ya nyumbani hupata nafasi yake.

Wanawake nao wana sehemu yao. Jina la skiti lilipendekezwa mwaka 1926 na mwanamke, Gertrude Hurlbutt wa Montana. Mwaka 1992 mjini Barcelona, Zhang Shan wa China aliwashinda wanaume katika mchezo huo huo akatwaa dhahabu. Olimpiki iliyofuata, wanawake hawakuwa na nafasi katika skiti. Walifunguliwa mlango wao wenyewe mwaka 2000.

Manufaa makubwa ya uwanja ni adabu ya mkono. Anayeinunua silaha kwa hofu, kisha asiiguse, siku ya kishindo haijui silaha yake. Uwanjani hufunzwa kuhesabu kila bunduki kuwa imejaa, kutoelekeza mtutu kwa mtu hata kwa mzaha, na kutoweka kidole kwenye kifyatuo kabla ya wakati. Dini yetu nayo imekataza kumwelekezea ndugu silaha.

Lakini yapo ya kuchunga. Risasi za mchezo hubeba marisau madogo yanayofika mamia; zile za kulindia nyumba huwa na tembe chache kubwa zinazokwenda mbali zaidi, na viwanja huzikataza. Zisichanganywe mfukoni wala sandukuni. Mlio huumiza masikio, basi yazibwe, na macho yavikwe miwani. Vumbi la madini ya risasi hushika mikononi na nguoni, nalo ni sumu kwa mtoto na kwa mimba iliyo tumboni. Mpigaji na anawe kwa sabuni na abadilishe nguo kabla ya kumbeba mwanawe.

Hatari kubwa zaidi hungoja baada ya mchezo. Silaha iliyozoeleka hupoteza kitisho chake, na mtoto aliyemwona baba akifurahi nayo hutamani kuijaribu. Hapo ndipo amana hupimwa. Bunduki irudi tupu, ifungiwe kwa kufuli. Risasi zifungiwe mahali pengine. Na ufunguo usijulikane na mtoto.

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kumiliki bunduki bila cheti, na nyumba nyingi hazitaiona kamwe. Lakini mwana wetu akienda kulala kwa jamaa ng'ambo, tusione haya kuuliza: je, mna silaha nyumbani? Imefungiwa wapi? Ufunguo anao nani? Mwenyeji mwema hachukii maswali hayo, na mama hana sababu ya kuomba radhi kwa kuyauliza.