Malalamiko kuhusu makao ya wazee Australia huchunguzwa vipi

Mzee aliyezaliwa kisiwani Kudha, akakimbilia Mombasa vita vilipozuka Somalia mwaka 1991 na hatimaye kufika Australia, huenda akamalizia umri wake katika makao ya wazee. Ugonjwa wa usahaulifu ukimpata, Kiingereza alichojifunza ukubwani huweza kutangulia kupotea, kikabaki Kibajuni. Hapo jamaa ndio huwa ulimi wake.

Jamaa ndio waliofichua maovu ya Oakden, mjini Adelaide. Mwaka 2016 familia moja ililalamika kuwa mzee wao alipewa dawa mara kumi ya kipimo chake na alikuwa na michubuko. Wakaguzi walikuwa wamekiidhinisha kituo hicho! Uchunguzi wa daktari mkuu wa magonjwa ya akili wa jimbo ulithibitisha uzembe mnamo Aprili 2017, nacho kikafungwa mwaka huo huo.

Tangu Januari 2019 malalamiko hupokewa na Tume ya Ubora na Usalama wa Huduma za Wazee, bila malipo, na mlalamikaji si lazima ataje jina lake. Tangu Aprili 2021 makao yenyewe hulazimika kuripoti ndani ya saa 24 tukio lililomjeruhi mkazi hadi akahitaji matibabu, au linalostahili kufikishwa polisi.

Mkalimani hupatikana kwa simu 131 450. Inafaa kutaja wazi kuwa anatakiwa wa Kiswahili, kwani neno “Somalia” katika faili huweza kumleta wa Kisomali.