Kutu, Ulikaji na Bati

Nomino kutu haina wingi, na huandamana na vitenzi vichache vilivyozoeleka: chuma hushika kutu, hupata kutu, au huingia kutu. Muundo huu wa mwisho huwatatiza wanafunzi, kwa kuwa kiima cha sentensi ni chuma ilhali kinachoingia ni kutu. Si kosa. Ndio muundo uleule wa mashua iliyoingia maji na mahindi yaliyoingia wadudu. Mhariri anayeugeuza kuwa "kutu imeingia kwenye chuma" haharibu sarufi, lakini anaondoa ladha ya lugha bila faida yoyote.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye maana. Kwa maana yake finyu, kutu ni ule unga mwekundu wa kahawia unaotokea juu ya chuma na chuma cha pua. Kikemia ni oksidi ya chuma iliyofungamana na maji, na haipatikani mpaka oksijeni na maji vikutane pamoja. Msumari ukiwekwa katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta hubaki safi kwa muda mrefu. Ukiwekwa katika hewa kavu pia hubaki safi. Ukilowa na kuachwa hewani, sehemu moja ya chuma huachilia elektroni, nayo atomi zake huingia majini zikiwa ayoni. Mahali pengine kwenye msumari huohuo, oksijeni iliyo ndani ya maji huzipokea elektroni hizo. Mazao ya pande hizo mbili yakikutana, kutu huzaliwa. Chumvi huyawezesha maji kupitisha chaji kwa wepesi zaidi, ndiyo maana chuma cha Mombasa, Tanga au Unguja huchakaa mapema kuliko cha Dodoma.

Ulikaji ni jina la mchakato wenyewe. Limetokana na kitenzi la, kwa njia ya lika, na linafaa sana: chuma kweli huliwa. Kila kutu ni zao la ulikaji, lakini si kila ulikaji huacha kutu. Sinia la shaba huvaa ukoko wa kijani ambao ndimu huuondoa. Pambo la fedha huwa jeusi kwa sababu ya salfa. Sufuria ya alumini nayo huungana na oksijeni mara tu inapokwaruzwa, ila utando wake ni mwembamba na umeng'ang'ania vizuri, hivyo huikinga alumini iliyo chini. Kutu ya chuma haina tabia hiyo. Hubanduka magamba na kuacha chuma kipya wazi, nacho huanza kuliwa. Katika mazungumzo hakuna ubaya kuita madoa hayo yote kutu, na matumizi hayo ni ya zamani. Katika jibu la mtihani wa kemia au katika mwongozo wa fundi, "shaba imeshika kutu" ni kauli ya kuepukwa.

Neno lenye mtego kuliko yote ni bati. Kamusi hulipa maana mbili: metali ambayo alama yake ya kikemia ni Sn, na karatasi ya kuezekea nyumba. Ajabu ni kwamba bati la kuezekea kwa kawaida halina bati hata chembe. Ni chuma kilichopakwa zinki, au zinki na alumini. Kitu kilichopakwa bati halisi kimo jikoni, nacho huitwa kopo.

Tofauti hiyo ina gharama. Zinki huachilia elektroni kwa wepesi kuliko chuma, kwa hiyo paa likipata mkwaruzo mdogo, zinki iliyo kandokando huliwa kwanza na kukihifadhi chuma. Metali ya Sn ni kinyume chake: ikikwaruzwa na maji yakafika, chuma kilicho chini ndicho kinachotoa elektroni, nacho huoza haraka kuliko kama hakikupakwa chochote. Mwanafunzi aliyesoma kwamba "bati huharakisha kutu likikwaruzwa", kisha akatazama paa la kwao, atadhani kitabu kinasema uongo au paa linakaribia kuanguka. Baadhi ya waandishi wa sayansi hutumia stani kwa metali hiyo, kutokana na Kilatini stannum, lililozaa pia alama ya Sn. Ni chaguo bora darasani. Nje ya darasa, bati libaki paani. Hakuna fundi atakayekubali kulibadili.

Neno la mwisho la kuangaliwa ni nondo. Katika Mathayo sura ya 6, tafsiri ya Biblia inaziweka nondo na kutu bega kwa bega kama waharibifu wa hazina. Nondo hao ni wadudu wanaotoboa nguo. Kwa fundi wa ujenzi, nondo ni vyuma vinavyolazwa ndani ya zege, na hapo kutu ni adui yake. Kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, husukuma zege kutoka ndani hadi lipasuke, na ufa wenye doa la kahawia kwenye nguzo ya nyumba ya pwani mara nyingi ni dalili yake. Nondo hizi mbili zinastahili vidahizo viwili tofauti, kila kimoja na mfano wake.