Kesi yaitwa mtandaoni: Jinsi mfanyakazi wa EPZ anavyoweza kuingia kikaoni bila kupotea njia

MSHONAJI aliyefutwa kazi katika kiwanda cha mavazi cha EPZ, Athi River, hutarajia kwamba siku ya kesi yake ataabiri matatu, aingie kortini na kuketi kwenye benchi hadi jina lake liitwe.

Siku hizi huenda asilione benchi hilo. Ujumbe wa wakili au karani wa mahakama humfikia kwa simu, nao huwa na tarehe, saa na mstari mrefu wa maandishi ya buluu.

Mstari huo ni kiungo cha kikao cha video. Asiyeufahamu huweza kuudhania kuwa hila ya matapeli, akaufuta. Kesi ikaitwa, naye hayupo.

Mahakama ina uwezo wa kuitupilia mbali kesi ambayo mlalamishi hakufika kuitetea. Kuirejesha kwahitaji ombi rasmi lenye sababu za kuridhisha, na ombi lenyewe lina gharama na usumbufu wake.

Mahakama za Kenya ziligeukia vikao vya mtandaoni kwa wingi mnamo Machi 2020. Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini kilitangazwa Machi 13 mwaka huo, na siku chache baadaye shughuli za kawaida kortini zikapunguzwa chini ya Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga.

Janga lilipotulia, vikao hivyo havikuondolewa. Kesi nyingi hutajwa mtandaoni na hukumu kusomwa huko huko, ingawa baadhi ya korti hupendelea mashahidi wafike ana kwa ana.

Jambo hili lawagusa wafanyakazi wa EPZ kwa njia ya pekee. Viwanda vya eneo hilo vilianzishwa chini ya sheria ya 1990, na vile vya mavazi vikapanuka baada ya Marekani kupitisha mpango wa AGOA mwaka wa 2000. Wengi wa wanaofanya kazi humo ni vijana wanaopanga vyumba Kitengela, Mlolongo na Athi River kwenyewe.

Mwaka wa 2018, mahakimu walipewa mamlaka ya kusikiliza mizozo ya kazi ya watu ambao mshahara wao hauzidi Sh80,000 kwa mwezi. Mshahara wa mshonaji uko mbali na kiwango hicho. Hivyo basi, kesi yake yaweza kuanzia kwa hakimu, mathalani katika Mahakama ya Mavoko iliyo mjini humo humo.

Hata kabla ya kufika kortini, kamera yaweza kumkuta mfanyakazi kiwandani. Si ajabu meneja aliye ng'ambo kushiriki kikao cha nidhamu kupitia kioo cha kompyuta.

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamtaka mwajiri anayetaka kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Sheria hiyo haibadiliki kwa kuwa bosi yuko kwenye kioo, na mfanyakazi aweza kudai mwenzake huyo aketi pale anapoweza kusikia na kusikika.

Maandalizi yaanze siku moja kabla. Programu zinazotumika zaidi ni Microsoft Teams, Zoom na Google Meet, nazo hupatikana bila malipo kwenye simu. Kinacholipiwa ni data. Ni heri kuipakua programu mapema kuliko kuhangaika nayo dakika tano kabla ya hakimu kuketi.

Wakati ukifika, mshiriki hugusa kiungo kile, programu ikafunguka na kuonyesha kitufe chenye neno "Join", yaani jiunge. Katika Zoom na Teams, mwalikwa kwa kawaida halazimiki kujisajili. Aweza kuandika jina lake tu.

Hapo kwenye jina ndipo wengi hukosea. Mtu asipoandika lake, programu yaweza kuonyesha jina la aina ya simu yake. Karani anayetazama orodha ya watu waliobisha hodi hawezi kujua "Galaxy" ni nani, na aweza kumwacha nje. Aandike jina lililo kwenye kesi, pamoja na nambari ya kesi ikiwa korti imeagiza hivyo. Jina la utani la WhatsApp halifai hapa.

Simu kisha huomba ruhusa ya kutumia kipaza sauti na kamera. Mwenye wasiwasi hukataa, halafu hushangaa mbona hasikiki. Ruhusa hiyo ni lazima atoe, na akikosea yaweza kurekebishwa katika mipangilio ya simu.

Baada ya hapo huenda akajipata katika chumba cha kusubiri, ambako haoni wala hasikii chochote. Hilo si hitilafu. Atulie hadi aruhusiwe kuingia, na asifunge programu.

Akishaingia, azime kipaza sauti. Picha ya kipaza sauti iliyokatwa kwa mstari ina maana kwamba hasikiki. Akiigusa, mstari huondoka na sauti yake huwafikia wote. Kelele za matatu, redio ya jirani au cherehani husikika hadi mbele ya hakimu, na mwenye kelele hizo aweza kuondolewa kikaoni.

Korti huita kesi moja baada ya nyingine, na huenda mtu akangoja saa nzima au zaidi. Video hula mamia ya megabaiti kwa saa, ilhali sauti pekee hula kiasi kidogo sana. Kwa hiyo, iwapo korti haijaamuru vinginevyo, kamera yaweza kuzimwa wakati wa kungoja na kuwashwa kesi inapoitwa. Betri nayo iwe imejaa. Simu ya kawaida ikipigwa katikati ya kikao huweza kukata sauti, kwa hivyo jamaa waarifiwe wasipige.

Kwa aliye kazini, mapumziko ya chakula hayatoshi. Aombe ruhusa kwa maandishi mapema, kwa sababu kuhudhuria korti kwa simu ni kuhudhuria korti. Atafute chumba kimya, avae kwa heshima, na asirekodi bila idhini ya mahakama. Anayetoa ushahidi huapishwa kama kawaida, na aweza kuulizwa kama kuna mtu kando anayemnong'onezea.

Saa pia imewaponza wengi. Ujumbe ukisema 9:00 AM, hiyo ni saa tatu asubuhi. Wasimamizi wanaokutana na wanunuzi wa Marekani wana kibarua zaidi: saa nne asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni Athi River, lakini Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma mwezi Novemba, huwa saa kumi na mbili.

Mtandao ukikatika, mshiriki aguse kiungo kile kile arejee, na amjulishe wakili wake mara moja. Asiye na simu ya kisasa, au anayehofu kwamba hatajieleza vyema mbele ya kamera, aweza kuomba kusikilizwa ana kwa ana. Ombi hilo lapaswa kufika mapema kupitia wakili au masjala ya mahakama, si asubuhi ya kesi.

Na kesi ikishatajwa, asikimbilie kuondoka. Asubiri tarehe ijayo itamkwe, aiandike, ndipo aguse "Leave".