Hotuba za Kimataifa na Msamiati wa Kiingereza

Kila Septemba viongozi wa nchi hukutana New York kwa mjadala mkuu wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na hotuba zao, ambazo kila mmoja huombwa asizidishe dakika 15, huhifadhiwa kwa video na kwa maandishi yanayopatikana bila malipo kwenye intaneti. Kwa Mswahili anayetaka kukuza msamiati wake wa Kiingereza, hiyo ni hazina inayostahili kuthaminiwa kuliko inavyothaminiwa sasa, kwa sababu aliyezoea taarifa ya habari ya redio tayari anaelewa vikwazo, azimio, kura ya turufu na usitishaji mapigano, na kilichobaki ni kujua Kiingereza kinayatajaje mambo hayo.

Faida kubwa ya hotuba ni kwamba humwonyesha msomaji neno likiwa pamoja na maneno yanayoandamana nalo. Kwa mfano, neno "sanctions", yaani vikwazo, hutanguliwa na kitenzi "impose" vinapowekwa, "ease" vinapolegezwa na "lift" vinapoondolewa, na mwanafunzi aliyeliandika daftarini peke yake pamoja na tafsiri yake atabahatisha kitenzi kila atakapotaka kulitumia. Vivyo hivyo mkataba, "treaty", kwanza hutiwa saini, "sign", kisha huridhiwa, "ratify", hatua ambayo nchini Tanzania ni kazi ya Bunge. Kwa hiyo anayejifunza vitenzi hivyo viwili hujifunza pia utaratibu wa sheria unaovitenganisha.

Hata hivyo, uchaguzi wa hotuba unahitaji uangalifu. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi 6, na Kiingereza kinachosikika mara nyingi ni cha mkalimani anayekimbizana na msemaji, hivyo ni afadhali kuanza na hotuba zilizotolewa kwa Kiingereza tangu mwanzo. Julius Nyerere, ambaye nchi yake ya Tanganyika ilipokewa katika Umoja huo tarehe 14 Desemba 1961, siku 5 tu baada ya uhuru, anafaa sana: Kiingereza chake kimenyooka, hoja zake hufuatana hatua kwa hatua, na historia anayoizungumzia msomaji wa Afrika Mashariki anaijua. Hotuba zake nyingi zimo katika kitabu Freedom and Unity kilichotolewa mwaka 1966.

Wataalamu wa msamiati, akiwemo Paul Nation wa New Zealand, wameonyesha kwamba msomaji huelewa matini bila msaada anapojua takriban asilimia 98 ya maneno yake, yaani neno geni lisizidi 1 katika kila 50. Kwa sababu hiyo, asiyejua bado maneno 2,000 ya kawaida, kama yale yaliyokusanywa na Michael West katika orodha yake ya mwaka 1953, hana budi kuanza na hayo, kwani hotuba ya Baraza Kuu haimfundishi mtu kununua samaki sokoni wala kumweleza daktari panapouma. Kwa waliokwisha kuvuka hapo, walimu wa sekondari wanaombwa wachague hotuba moja kwa muhula, isikilizwe, isomwe na kujadiliwa hadi wanafunzi waweze kuieleza upya kwa Kiingereza chao wenyewe.