Bweni la Mbulu Lijifunze kwa Tembe

Julai, mtoto wa bweni Mbulu, nyanda za juu za mkoa wa Manyara, hulala na sweta. Paa ni bati tupu lisilo na dari, na joto lote la mchana hutoweka mara jua linapozama. Teremka hadi bonde la Yaeda: chini ya bati kama hilo, saa nane mchana hakukaliki.

Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, walishalijibu tatizo hili. Tembe, nyumba yao ya jadi, ilichimbwa kwenye mteremko, kilima chenyewe kikawa ukuta wa nyuma, na paa la miti likafunikwa udongo. Iliwaficha wasionekane na wavamizi. Lakini pia udongo mnene huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, hivyo ndani hali haikuyumba sana usiku wala mchana. Ilikuwa na giza na moshi, na paa lake lilidai miti mingi. Sisemi tuwalaze wanafunzi 80 humo. Wala si kila mteremko wa kuchimbwa: Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang liliushukia mji wa Katesh na kuua makumi ya watu. Ninachotaka kichukuliwe ni ule unene wa udongo.

Mbulu iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua kali la asubuhi na alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi. Bweni lilazwe mashariki–magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini, na baraza liwe pana. Uamuzi wa mwelekeo ukifanywa kabla ya kuchimba msingi, hauongezi gharama.

Kuta? Tofali la kuchoma linakula kuni, nasi tunautegemea msitu wa Nou kwa maji. Yako matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine, hayaingii tanuri. Saruji yenyewe itumike kwa kiasi, kwani uzalishaji wake hutoa takribani asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Dari ndiyo mara nyingi hukatwa kwanza fedha zikipungua. Isikatwe, wala isijazwe nyasi kavu: moto wa bweni la Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, uliua wasichana zaidi ya 40. Kamati ya ujenzi iweke dari isiyoshika moto na milango miwili inayofunguka nje kwenye bajeti, kabla ya kununua bati la kwanza.